Rahima Amechoka Kuokolewa

Siku Taifa lilipoamua kuwapatia watoto wa chekechea shujaa wao wa katuni, Rahima Jamali, mwenye umri wa miaka mitano na miezi miwili, alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya bembea akisubiri kuokolewa.

Taifa lilifika Nshamba kwa bodaboda. Lilikuwa limevaa miwani, limebeba kompyuta mgongoni, na vumbi jekundu lilikuwa limelipaka hadi kwenye nyusi. Lilijitambulisha kwa jina la Burhani, mchoraji wa katuni. Hakuna aliyekuwa anamtarajia. Barua ya kutangaza ujio wake ilifika siku tisa baadaye, ikiwa na mihuri yote na ikiwa imezingatia taratibu zote isipokuwa kalenda.

Burhani alifungua karatasi, akakohoa, akawasomea watoto ishirini na sita na kuku mmoja:

"Kwa mujibu wa Mpango Mkakati wa Uwakilishi katika Katuni, kila wilaya itawasilisha Shujaa wa Awali atakayebeba taswira, maadili na matarajio ya watoto wa eneo husika. Katuni itazinduliwa mjini Bukoba."

"Shikamoooo," wakajibu watoto, maana ndivyo wanavyomjibu kila mtu anayesimama na karatasi.

Kisha wakarudi kazini. Chekechea ile, nyuma ya duka la pembejeo, ilikuwa na kanga moja kuukuu aliyoitoa Mama Esther, mpishi wa uji, na imeandikwa LEO KWAKO KESHO KWANGU. Anayeifunga shingoni ndiye shujaa. Tangu muhula uanze ilikuwa kwa Hussein, mwenye sauti kubwa, au kwa Aroni, rafiki wa Hussein. Sheria ya uwanjani ilikuwa moja: anayeokolewa lazima aite mara tatu.

"Niokoe!" aliita Rahima pale nguzoni. "Niokoe!"



"Bado moja," alisema Hussein, ameshika kiuno, kanga inapepea.

"Sitaki."

"Basi huokolewi."

"Basi nisiokolewe! Mwalimu! Mimi nimechoka kuokolewa!"

Mwalimu Kokuhirwa alikuja mbio. Alikuwa na shahada ya elimu ya awali, na mwaka wa pili sasa alifundisha kwa kujitolea, akisubiri barua ya kuthibitishwa kazini. Aliwaamini watoto kama wengine wanavyoamini mvua za vuli: zikichelewa, zitakuja tu. Kila walichofanya alikiandika kwenye daftari. Alilifungua pale pale. Ni kweli. Katika siku tano Rahima alikuwa ameokolewa mara kumi na moja: kutoka kwa simba, kutoka kwenye mafuriko, kutoka kwa mamba, na mara moja kutoka kwa Aroni mwenyewe, aliyesahau kuwa siku hiyo yeye ndiye shujaa.

"Kwa nini na wewe huokoi?" aliuliza Kokuhirwa, akimfungua kamba.

"Hussein anasema shujaa wa kike hayupo."

"Yupo mmoja kwenye tivii," Hussein alisahihisha kwa haki. "Wa pinki. Ila kazi yake ni kupongeza."

Burhani alicheka, akatoa penseli. Mara akawa amemchora Rahima angani, kanga imejaa upepo, migomba iko chini kama majani ya kuchezea. Rahima aliitazama ile karatasi kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani.

"Siku ya uzinduzi," Kokuhirwa akasema, na moyo wake ulikuwa umeshatangulia kabla ya akili kuvaa viatu, "kanga utavaa wewe. Na utaokoa wewe."

"Sema wallahi."

"Rahima, mimi Mlutheri."

"Sema tu."

Kokuhirwa aliangalia upande wa kanisa lao, juu ya kilima, kama mtu anayeomba ruhusa ya kutoka darasani. Kisha akasema wallahi.

*

Kamati ya Uratibu wa Mashujaa ilikutana Muleba wiki iliyofuata. Mwenyekiti alikuwa Bwana Gamaliel Rutashobya, Mratibu Mkuu wa Ushujaa. Cheo hicho Ijumaa hakikuwapo. Jumatatu kilikuwa na mhuri. Kahawa ya kutafuna ilizungushwa kwenye kisahani, wajumbe wakatafuna, na kikao kikafunguliwa.

"Ndugu wajumbe," alisema Mwenyekiti, "waraka unadai Shujaa wa Awali. Katika utumishi wangu nimeandika taarifa za awali nyingi kuliko nywele hizi. Taarifa ya awali ni ile ambayo bado haijakamilika. Kwa hiyo tunatakiwa kuwasilisha shujaa ambaye hajakamilika."

Kokuhirwa, aliyealikwa kama mtaalamu wa watoto, akanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, waitu," alianza kwa neno la heshima la Kihaya, "hapo 'awali' maana yake chekechea. Ni kama elimu ya awali."

"Ahsante, mwalimu. Hayo nayo tunayapokea kama maoni ya awali."

Yakaandikwa hivyo kwenye muhtasari.

Suala la uwakilishi lilichukua asubuhi nzima, na lilichukuliwa kwa uzito. Mjumbe wa kahawa alitaka shujaa awe na kichwa cha buni. Mjumbe wa ndizi akasema kichwa ni cha ndizi tangu enzi za mababu, kahawa ikae mkononi. Mjumbe kutoka Kimwani akasema huko kwao wanalima mpunga, na kama mpunga haumo basi wao warudi nyumbani wakavune. Ukapatikana muafaka: kichwa cha ndizi, mikono ya kahawa, ndevu za mpunga, na kuanzia kiunoni kushuka, sato.

"Atatembeaje?" aliuliza Burhani.

"Hatembei," alijibu Mwenyekiti. "Ana gari la ofisi."

Rangi nazo zilileta mjadala. Mmoja alipendekeza kijani, mwingine akakohoa. Mwingine akataja bluu, kukawa na kikohozi kingine. Nyekundu ilikoholewa kabla haijamalizika kutamkwa. Ilibainika kuwa kila rangi nchini ina wenyewe, na uchaguzi hauko mbali. Shujaa akapakwa rangi ya jivu.

Kuruka kulikataliwa, kwa kuwa anga ina mamlaka yake na kibali chake ni mchakato. Nguvu ya ajabu ya shujaa ikapitishwa kuwa kutoa tamko. Mtu akitumbukia kisimani, ataandika barua kupitia kwa mtendaji wa kata; shujaa atafika na msafara, atawatambua viongozi waliopo kwa vyeo vyao, kisha atatoa tamko kuhusu visima. Burhani, aliyeanza asubuhi kwa penseli, kufikia mchana alikuwa akifanya kazi kwa ufutio tu.

"Na jinsia?" aliuliza Kokuhirwa.

"Jinsia imezingatiwa," alisema Bi Consolata, ofisa itifaki, akifunua ukurasa. "Shujaa ni mwanaume. Anayeokolewa ni mwanamke. Hamsini kwa hamsini."

Wajumbe walipiga makofi, maana si rahisi hesabu kutoka sawasawa namna hiyo.

"Lakini watoto wa kike wamechoka kuokolewa," alisema Kokuhirwa. "Nina takwimu."

"Wamechoka?" Mwenyekiti aliuliza kwa upole wa kweli. "Basi wapumzike. Wataokolewa kesho. Lete hizo takwimu, bojo," akambembeleza kwa Kihaya.

Akampa daftari, akiwa na matumaini yote ya mtu ambaye bado hajawahi kumkabidhi mwenyekiti daftari. Mwenyekiti alisoma, akanyanyua nyusi, akasoma tena.

"Mara kumi na moja kwa siku tano! Ndugu wajumbe, tulikuwa tunahangaika kutafuta mtoto wa kuokolewa siku ya uzinduzi, mwenye uzoefu usiopungua miezi mitatu. Huyu hapa. Rahima Jamali, Nshamba. Mwalimu, umetusaidia sana."

Ikapitishwa. Ikapitishwa pia kwamba shujaa mwenyewe, kwa kuwa ni wa awali, na kwa kuwa mtu wa awali kabisa katika ushujaa wilayani ni Mwenyekiti wa ushujaa, ataigizwa na Bwana Gamaliel Rutashobya. Yeye alijitetea kwa sekunde mbili, akakubali.

Kikao kilipofungwa alimwita Kokuhirwa pembeni.

"Barua yako ya kuthibitishwa iko kwangu," alisema. "Nitaisaini palepale ukumbini, mbele ya kamera. Vijana waone kwamba tunawajali. Mradi yule mtoto aokolewe kwa utulivu."

"Na nikimwacha aokoe yeye?"

"Mwalimu," Mwenyekiti akatabasamu, "kalamu huwa inakauka wino ghafla. Sijui kwa nini."

Huko Nshamba, Rahima alikuwa akimsubiri mlangoni.

"Mwalimu, bado siku ngapi niokoe?"

"Nne," alisema Kokuhirwa, akaenda kupanga vikombe vya uji ambavyo Mama Esther alikuwa ameshavipanga.

*

Ukumbi mjini Bukoba ulijaa. Mgeni rasmi alitoka makao makuu akaketi mbele, kwenye kiti chenye kitambaa cheupe. Watoto wa Nshamba walikaa mkekani. Jukwaani paliwekwa kiti kilichoandikwa HATARI, na Rahima akaketishwa juu yake, amezungushiwa kamba ya katani kwa heshima, bila kukazwa. Kokuhirwa alisimama pembeni yake. Ndani ya mkoba wake ilikuwamo ile kanga, imekunjwa mara nne. Alikuwa amejiambia kwamba ameibeba ili Rahima asione baridi.

Rahima alimwangalia tu mwalimu wake, kisha mkoba, kisha mwalimu.

Kwa mujibu wa ratiba, shujaa alipaswa kutokeza kwa kishindo kutoka stoo iliyo nyuma ya jukwaa. Mwenyekiti alikuwa ameshaingia humo na kichwa cha ndizi, mikono ya kahawa, ndevu za mpunga na suruali ya rangi ya jivu. Upande wa sato uliahirishwa baada ya majaribio. Kifuani alibandikwa kipaza sauti kidogo, ili tamko limfikie kila mwananchi.

Ngoma ikapigwa.

Mlango ukagongwa kwa bega kutoka ndani. Puu! Haukufunguka.

Ngoma ikapigwa tena. Puu! Puu!

"Mlango huu vipi?" ilisikika sauti ya Mwenyekiti katika spika zote nne. "Kuna maandishi hapa. Umeandikwa VUTA."

"Basi vuta, Mwenyekiti," alisema Bi Consolata kupitia tundu la ufunguo.

"Consolata, mlango haujasema nani avute! Halafu kikao kiliazimia nini? Shujaa hutokeza. Kutokeza ni kwenda mbele. Ukivuta unarudi nyuma. Na kiongozi harudi nyuma mbele ya mgeni rasmi." Puu!

"Sukumeni nyinyi huko nje," mtu mmoja alishauri kutoka kwenye viti.

"Kumsukumia kiongozi mlango?" Bi Consolata alishangaa. "Itifaki gani hiyo?"

Hivyo wakasimama maofisa sita upande wa nje, wameshika mikono nyuma, wakimsubiri mkubwa anayegonga kwa bega upande wa ndani. Hali ilikuwa tulivu na iliendelea kuwa tulivu kwa dakika saba. Mgeni rasmi akaangalia saa.

Rahima alikuwa anaangalia mlango. Midomo yake ilikuwa inacheza. Wiki ile darasani walikuwa kwenye silabi.

"Su," alisema taratibu. "Ku. Ma."

Kokuhirwa alimsikia. Aliona pia, ukutani karibu na pazia, koti la Mwenyekiti limetundikwa, na ncha ya bahasha nyeupe ikichungulia mfukoni. Miaka yake miwili ilikuwa humo ndani ya bahasha: kodi ya chumba, simu za mama yake kutoka kijijini Kaagya, "bado tu, mwanangu?" Aliitazama. Kisha akapiga goti, akafungua kamba, akatoa kanga kwenye mkoba na kuifunga shingoni mwa Rahima, fundo moja, fundo la pili.

"Nenda," alisema.

Rahima akapita katikati ya maofisa sita kama anayepita kwenye migomba.

"Babu, shikamoo."

"Marahaba. Nani huyo?"

"Rahima."

"Rahima wa kuokolewa?"

"Nimeacha."

Ukumbi ulicheka, kwanza kwa adabu, halafu bila adabu.

"Mwalimu wake yuko wapi?" spika zikanguruma.

"Nipo, Mwenyekiti, waitu."

"Mrudishe mtoto kwenye kiti. Barua yako unaijua ilipo. Na kalamu leo ina wino."

Ukumbi mzima ukamgeukia Kokuhirwa.

"Siwezi, mzee. Nilimwambia wallahi."

"Wewe si Mlutheri wewe?"

"Ndiyo, mzee. Ndiyo maana sijui inavyofutwa."

Rahima, ambaye hakuwa na habari na mambo ya barua, aligonga mlango kwa kidole.

"Babu, ita mara tatu."

"Niite nini?"

"Niokoe."

"Kwa kifungu kipi?"

"Cha uwanjani!" Hussein alifoka kutoka mkekani, kwani sheria ni sheria. "Bila mara tatu haokolewi!"

"Kweli," Aroni alithibitisha.

Joto la stoo, kichwa cha ndizi na dakika kumi na moja zilifanya kazi ambayo hakuna kamati iliyowahi kuifanya.

"Niokoe," alisema Mwenyekiti, kwa sauti ya kutoa tamko.

"Moja," wakahesabu watoto.

"Niokoe," kwa sauti ya kuomba ufafanuzi.

"Mbili!"

Ya tatu ilichelewa. Ilipokuja ilikuwa ndogo, sauti ya mtu tu aliye ndani ya stoo. "Niokoe, bojo."

"Tatu! Sasa acha kusukuma, babu. Rudi nyuma. Nyuma tena. Hapo hapo."

Rahima aliweka viganja viwili chini ya neno alilolisoma, akasukuma. Mlango ulifunguka bila kinyongo chochote.

"Nshomile!" alipiga kelele, mikono juu. Ndilo neno ambalo bibi yake hulitumia akimtania kila anaporudi kutoka shule na daftari, yaani msomi wangu kasoma, na Rahima hakuwa na neno jingine la ushujaa. Ukumbi wa Wahaya uliposikia nshomile ikitoka kwa mtoto wa miaka mitano, mbele ya msomi mwenye ndevu za mpunga aliyeshindwa na neno VUTA, watu walisimama juu ya viti.

Rahima hakuwasikiliza. Alimshika Mwenyekiti kidole kimoja, akamwongoza hadi kwenye kiti cha HATARI, akamkalisha, akaagiza aletewe maji. Anayeokolewa hupumzika, nayo ni sheria ya uwanjani.

Mgeni rasmi alisimama. Bi Consolata alifumba macho.

"Nimezunguka mikoa mingi," alisema mgeni rasmi kwa hisia, "na kote nimeonyeshwa viongozi wanaookoa. Leo kwa mara ya kwanza nimeona igizo la kiongozi anayekubali kuokolewa na mtoto, tena anaomba mara tatu! Ubunifu mkubwa. Naagiza liigizwe katika kila kata. Na mwigizaji asibadilishwe. Amevaa uhusika mpaka akatoa jasho la kweli."

Mwenyekiti alifungua mdomo. Lakini maelekezo yalikuwa yametoka juu, na kwa maelekezo ya juu, yeye mwenyewe alikuwa amewafundisha watu miaka yote kwamba jibu ni moja.

"Yamepokelewa," alisema.

*

Ratiba ilitoka Jumatatu, ikiwa na mihuri. Bwana Gamaliel Rutashobya sasa ni Mwokolewa Mkuu. Jumanne anaokolewa Kimwani. Alhamisi anaokolewa Kamachumu, mara mbili, kwa kuwa chekechea ziko mbili. Burhani ameshakamilisha katuni, na shujaa wake ana kanga na anasoma silabi. Waraka wa makao makuu unasema Shujaa wa Awali amepatikana; Kamati imejibu kwamba inasubiri wa kati na wa mwisho.

Bahasha nyeupe nayo ilifika Nshamba. Barua ilikuwamo, na nafasi ya sahihi ilikuwamo pia, nyeupe, haina hata doa. Kokuhirwa aliisoma chini ya paa la bati, akaikunja mara nne, akaiweka ndani ya daftari, kisha akatoka uwanjani, kwani muda wa michezo ulikuwa umefika.

Huko palikuwa na mgogoro. Kila mtu alitaka kuokoa, na nguzo ya bembea ilikuwa tupu.

"Mimi siwi Mwenyekiti," alisema Hussein. "Nilikuwa jana."

"Mimi mguu unauma," alisema Aroni.

Kokuhirwa alikwenda mwenyewe. Alisimama pale nguzoni, akazungusha kamba kiunoni, akavuta pumzi.

"Niokoe," aliita.

Ilitoka ikiwa na ukweli mwingi kuliko alivyokusudia. Rahima, kanga shingoni, alikuwa ameshaanza kukimbia.

"Bado mbili!" Hussein akamzuia. "Rahima! Bado mbili!"

"Mwalimu anaokolewa kwa moja," alisema Rahima, na akapita.